Hesabu ya Sitini na Nne

Haba na haba, wasema wazee wetu, hujaza kibaba. Methali hii, msomaji, umeisikia tangu utotoni mwako, na huenda umeichukua kuwa ni nasaha juu ya kuweka akiba. Leo nakuomba uichukue kuwa ni hesabu. Tutaanza na vitu vidogo vilivyozoewa katika Mji wa Kale wa Mombasa: punje ya mchele, kete ya bao na pesa ya shaba. Kutoka hapo tutapanda hatua kwa hatua mpaka tufikie nambari yenye tarakimu 20. Kisha tutaitumia nambari hiyo kama taa, tumulike swali ambalo limewagombanisha watu wa kisiwa hiki kwa muda mrefu: mwenyeji ni nani, na mgeni ni nani?

Kwanza sikiliza jinsi tunavyohesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano: maneno haya ni ya Kibantu, na ndugu zake yanasikika mbali sana barani. Sita na saba ni ya Kiarabu. Nane ni ya Kibantu tena. Tisa ni ya Kiarabu. Kumi ni ya Kibantu. Ishirini, thelathini, mia na elfu yametoka Uarabuni. Laki, yaani mia elfu, tumeipata kwa Wahindi, na milioni tumeipata kwa Wazungu. Hata hivyo maneno ya kale hayakufa yote. Siku saba baada ya arusi zaitwa fungate, na fungate ni saba ya zamani. Tisa ya zamani ni kenda, nayo yaishi katika jina la jirani zetu Wamijikenda, watu wa miji tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Wajibana, Waribe na Warabai. Ndani ya kisiwa, Waswahili wa Mombasa nao walikuwa na muungano wao wa mataifa tisa, wakauita Tisa Taifa. Hivyo ng'ambo moja ya maji watu walisema kenda na ng'ambo ya pili walisema tisa, na hesabu ni ile ile. Hata nambari iliyo jina la insha hii imefunga ndoa ndani yake: sitini ni Mwarabu, na nne ni Mbantu.

Sasa tuangalie kwa nini sitini na nne. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji kete 32. Rupia, iliyokuwa fedha ya pwani hii kabla ya shilingi, ilikuwa na pesa 64. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa hapa Mombasa, ilitoa sarafu zake zenye mwaka wa 1888, na katika pesa yake ya shaba kulikuwa na picha ya mizani. Pesa nne zilikuwa ana moja, na ana 16 zilikuwa rupia moja. Mizani ile ilifaa sana kuwa alama ya sarafu, kwa sababu 64 ni nambari ya kugawanya kwa haki. Ikate nusu, wapata 32, tena 16, tena 8, tena 4, tena 2, tena 1. Mara sita waigawa nusu kwa nusu na hakuna kinachobaki mkononi. Jaribu kufanya hivyo kwa 100: wapata 50, kisha 25, na hapo umekwama. Muuzaji wa samaki asiyekuwa na karatasi wala kalamu aliweza kuigawa rupia yake kwa akili tupu, nusu, robo na themuni, bila ya kupunjwa. Mnamo miaka ya 1905 na 1906 serikali iliiacha hesabu ya pesa 64, ikaifanya rupia kuwa senti 100. Na baadaye, mwaka wa 1921, ikaja shilingi. Senti ni nyepesi kwa kuandika daftarini, lakini pesa ilikuwa nyepesi kwa kugawanya kichwani.

Mpango huo huo wa kuzidisha kwa mbili ulikuwa katika vipimo vya nafaka. Vibaba viwili ni kisaga kimoja, na visaga viwili ni pishi moja. Usidhani kuwa nafaka ilikuwa jambo dogo katika Mombasa. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyelala hapa usiku mmoja mwaka wa 1331, aliandika kwamba watu wa kisiwa hiki hawakulima nafaka, bali waliletewa kutoka pwani. Ndizi walikuwa nazo, na samaki walikuwa nao, lakini punje ilivuka maji ndipo iingie chunguni. Mji unaonunua chakula chake hauna budi kujua kuhesabu. Kipimo kikipunjwa, au mhesabuji akikosea, mtoto wa mtu hulala na njaa. Kwa hiyo hesabu katika mji huu haikuanza shuleni. Ilianza sokoni na gatini, na mwalimu wake alikuwa haja.

Yuko msafiri mwingine aliyemtangulia Ibn Battuta kwa miaka mia nne. Jina lake al-Masudi, mwanachuoni wa Baghdad. Mwaka wa 916 alisafiri kwa mara ya mwisho katika bahari yetu, akitoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman. Wanachuoni wengi hudhani kuwa Qanbalu ni Pemba, na Pemba haiko mbali na Mombasa. Al-Masudi alilalamika sana juu ya mawimbi ya bahari hii. Lakini katika kitabu chake mashuhuri, Muruj adh-Dhahab, hakuandika habari za Wazanji na bahari peke yake. Aliandika pia juu ya sataranji, mchezo wa Wahindi wenye vyumba 64, akataja jumla inayopatikana mtu akizidisha maradufu kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Jumla hiyo ndiyo nambari ninayotaka kukuonyesha.

Hadithi yake ni mashuhuri, na yasimuliwa kwa namna nyingi. Yasemwa kwamba mwenye hekima mmoja wa Bara Hindi alimtungia mfalme wake mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia achague zawadi yoyote. Mwenye hekima akaomba nafaka: punje moja kwa chumba cha kwanza, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea hivyo, kila chumba maradufu ya kilichotangulia, mpaka vyumba vyote 64 vimalizike. Mfalme akacheka, akaona ameombwa kidogo. Waandishi wake walipokaa chini kuhesabu, kicheko kikamwisha.

Tuwasaidie waandishi wale, na tutumie mchele na vipimo vya Mombasa. Kibaba kimoja cha mchele kina punje kama elfu thelathini hivi, kwa kutegemea ukubwa wa punje. Ukizijumlisha punje za vyumba 15 vya kwanza, utapata 32,767. Basi hapo ndipo haba na haba imejaza kibaba! Kwa chumba cha 16 unacho kisaga. Kwa chumba cha 17 unayo pishi. Mpaka hapa mfalme ana haki ya kucheka, maana pishi moja haizidi kilo tatu. Ukifika chumba cha 22 una pishi 32, yaani karibu gunia moja la kilo 90. Gunia moja! Theluthi ya vyumba imekwisha, na mzigo wote mchukuzi mmoja wa gatini aliweza kuubeba mgongoni.

Lakini sasa kumbuka kanuni hii, uiweke moyoni, maana itakufaa siku zote: ukizidisha kitu maradufu mara kumi, hukifanya kuwa mara elfu na ziada kidogo, kwa hakika ni mara 1,024. Kwa hiyo chumba cha 32 kikijaa, gunia moja limekuwa magunia elfu moja. Chumba cha 42 kikijaa, ni magunia milioni moja. Chumba cha 52, magunia bilioni moja. Chumba cha 62, magunia trilioni moja. Vimebaki vyumba viwili tu, navyo vyaifanya jumla kuwa zaidi ya trilioni nne. Siku hizi dunia nzima huvuna mchele tani milioni 500 na zaidi kidogo kwa mwaka. Kama mavuno yote hayo yangetolewa kulipa deni la mfalme, na watu wasile hata punje, ingepita miaka zaidi ya 700 kabla ya deni kwisha.

Jumla yenyewe ya punje ni hii: 18,446,744,073,709,551,615. Ni milioni ya milioni ya milioni, mara 18 na zaidi.

Pengine utauliza: waandishi waliipataje bila ya kujumlisha vyumba vyote kimoja kimoja? Iko njia rahisi. Kopa punje moja kwa jirani, uiweke juu ya punje ya chumba cha kwanza. Sasa unazo mbili, sawasawa na za chumba cha pili. Ziunganishe na hizo mbili, ni nne, sawasawa na za chumba cha tatu. Ziunganishe na hizo nne, ni nane. Utakwenda hivyo mpaka mwisho, na kila mara ulicho nacho kitakuwa sawa na chumba kinachofuata. Ukivuka chumba cha 64, utakuwa na mbili iliyozidishwa kwa mbili mpaka mbili zote zitimie 64. Sasa mrudishie jirani punje yake, na jumla ni hiyo ukiondoa moja. Al-Biruni, mwanachuoni mkuu wa Khwarizm aliyeandika mnamo mwaka wa 1000, alionyesha njia ya mkato: zidisha nambari kwa nafsi yake. Mbili kwa mbili ni 4. Nne kwa nne ni 16. Kumi na sita kwa 16 ni 256. Hiyo kwa nafsi yake ni 65,536. Hiyo tena kwa nafsi yake ni 4,294,967,296. Hiyo tena kwa nafsi yake ni 18,446,744,073,709,551,616. Hatua sita tu! Ondoa moja, umefika. Tazama, hatua hizo sita ni sawa na zile mara sita tulizoikata rupia.

Nambari kubwa haijulikani kwa ukubwa wake. Mtu husema ni kubwa mno, akashangaa, kisha akaiacha. Yapasa tuulize asili yake: imezaliwa na nambari zipi? Tarakimu yake ya mwisho ni 5, kwa hiyo yagawanyika kwa tano. Jumlisha tarakimu zake zote utapata 87, nayo 87 yagawanyika kwa tatu. Kwa hiyo na nambari nzima yagawanyika kwa tatu. Wengine katika ukoo wake tutawapata kwa kanuni hii: ukichukua nambari yoyote, ukazidisha iliyo moja chini yake kwa iliyo moja juu yake, utapata mraba wa nambari hiyo ukiondoa moja. Tatu kwa tano ni 15, moja chini ya 16. Kumi na tano kwa 17 ni 255, moja chini ya 256. Mia mbili hamsini na tano kwa 257 ni 65,535. Hiyo kwa 65,537 ni 4,294,967,295. Na hiyo kwa 4,294,967,297 ndiyo nambari yetu.

Basi wazazi wake ni 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Watano wa kwanza ni nambari tasa, yaani haziwezi kugawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao. Na huyo wa sita je? Mwaka wa 1640 mwanasheria wa Ufaransa, Pierre de Fermat, aliyekuwa hodari wa hesabu kuliko wengi wa zama zake, alikata shauri kwamba naye ni tasa, kwa kuwa aliwaona nduguze wote ni tasa. Alikuwa mtu mkubwa, na neno lake lilikaa miaka 92 pasipo mtu wa kulitengua. Ndipo mwaka wa 1732, miaka mitatu baada ya Wareno kufukuzwa Mombasa mara ya mwisho, Leonhard Euler wa Uswisi alipoonyesha kwamba 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297. Zidisha mwenyewe kwa kalamu yako, usimwamini Euler wala usiniamini mimi. Nambari iliyodhaniwa kuwa haina mchanganyiko ilikuwa nao. Ila hakuna aliyekuwa ameuona.

Neno hilo la mchanganyiko latupeleka katika nusu ya pili ya safari yetu. Rudi kwenye vyumba 64 vya sataranji, lakini sasa usiweke punje, weka watu. Katika chumba cha kwanza kaa wewe mwenyewe. Katika cha pili waweke wazazi wako wawili. Katika cha tatu waweke babu na nyanya zako, wanne. Katika cha nne wazazi wao, wanane. Kiswahili kimejaaliwa majina ya ngazi hizi. Wewe ni mtoto wa wawili, mjukuu wa wanne, kitukuu wa wanane, kilembwe wa 16, kilembwekeze wa 32, na ukipanda ngazi moja zaidi, wengine husema wewe ni kinying'inya wa watu 64. Hao 64 waliishi karibu miaka mia na sabini iliyopita.

Sasa fikiri. Mtu anapotaja nasaba yake katika Mji wa Kale husema: mimi ni fulani, mwana wa fulani, bin fulani, bin fulani. Akifika jina la sita watu humheshimu, husema huyu ajua atokako. Na ni kweli, ajua. Lakini amemtaja mtu mmoja katika 64. Baba wa baba wa baba hukaa katika pembe moja tu ya chumba hicho. Wako wapi wale 63? Nusu ya wote 64 ni wanawake, na nasaba ya namna hii haimtaji mwanamke hata mmoja. Miongoni mwao huenda alikuwamo binti wa Kidigo aliyeolewa kisiwani, au mjakazi aliyezaa ndani ya nyumba ya bwana wake, kwani utumwa haukukomeshwa kwa sheria katika pwani hii mpaka mwaka wa 1907. Hao wote ni wazazi wako sawasawa na yule mwenye jina. Hesabu haimpi mmoja haki kubwa kuliko mwingine.

Tupande zaidi. Mwaka wa 1505 Wareno waliuteka mji wa Mombasa na kuuteketeza, na wale walioandika habari hizo walikisia wakazi wake kuwa kama 10,000. Kutoka siku ile mpaka leo ni karibu vizazi 18, tukikadiria kizazi kimoja kuwa miaka 28 au 29. Zidisha maradufu mara 18: nafasi za wazee wako katika kizazi hicho ni 262,144. Watu wa mji mzima hawatoshi kuzijaza, hata kama kila mmoja wao, mzee kwa mtoto, angekuwa mzazi wako! Basi mambo ni mawili. Ama mtu mmoja amekaa katika nafasi nyingi, kwa kuwa ndugu waliooana wana babu mmoja. Ama wazee wako wengi hawakuwa Mombasa kabisa, bali walikuwa Pate, Faza, Kilifi, Rabai, Hadhramaut au kwingineko, na watoto wao wakaja baadaye. Na kweli ni kwamba yote mawili yametokea.

La kwanza ni rahisi kulipima. Binamu wawili wakioana, kama ilivyo desturi katika jamaa nyingi za pwani, mtoto wao hana wazee wanane katika ngazi ya nne, ana sita tu, maana wawili wamehesabiwa mara mbili. La pili yatosha kuwauliza Waswahili wa Mombasa majina yao. Mataifa yao ya kale ni kumi na mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Sikiliza vizuri: Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza. Hayo ni majina ya miji mingine! Wenyeji wa Mombasa wenyewe wameandika katika majina yao kwamba walitoka kwingine. Aliyewahi kufika aliitwa mwenyeji na yule aliyemkuta akiingia. Na watoto wao wakaoana.

Panda tena mpaka ngazi ya 31. Hapo wazee wako ni 1,073,741,824. Ngazi hiyo ni kama miaka 840 hadi 900 iliyopita, zama ambazo al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka wa 1154, aliutaja mji wa Mombasa. Lakini watu wote wa dunia wa zama zile, kwa makisio ya wataalamu, hawakuzidi milioni 500. Wazee wako wa ngazi moja wamewazidi watu wote waliokuwa hai! Na ukifika chumba cha 64, ukajumlisha vyumba vyote na wewe mwenyewe ndani, utapata ile nambari yetu ya tarakimu 20. Watu wengi hivyo hawajapata kuzaliwa tangu dunia ilipoumbwa. Mfalme alishindwa kulipa deni lake kwa kuwa nafaka haikutosha. Mti wa ukoo washindwa vivyo hivyo kwa kuwa watu hawatoshi. Njia ya kutoka katika dhiki hiyo ni moja tu: wazee wangu na wazee wako, msomaji, kwa sehemu kubwa ni watu wale wale. Asemaye kwamba yeye na jirani yake hawana asili moja, hesabu itamsuta.

Elimu ya siku hizi imeleta ushahidi mwingine, usiotegemea hesabu wala masimulizi. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa chembe za urithi kutoka mabaki ya watu 80 wa kale. Wengi wao walikuwa wa miji ya mwambao, na Mtwapa, kaskazini tu ya Mombasa, ilikuwamo. Ilionekana kwamba katika wengi wa watu wa miji hiyo, zaidi ya nusu ya urithi wao ulitoka Afrika, na hasa kwa upande wa wanawake. Sehemu nyingine kubwa ilitoka Asia, na hasa kwa wanaume wa Uajemi, na kidogo Bara Hindi; baada ya mwaka wa 1500 hivi urithi wa Uarabuni ukaongezeka. Kuchanganyika huko kulikwisha kuanza mnamo mwaka wa 1000. Hivyo masimulizi ya wazee juu ya babu waliokuja kwa majahazi hayakuwa uongo. Yalikuwa kweli ya upande mmoja. Jahazi lilimleta baba. Mama alikuwa hapa hapa, akimngojea na lugha yake, chungu chake na hesabu yake ya moja mpaka tano. Jina la baba likaandikwa. Lugha ya mama ndiyo tunayoisema.

Huenda utasema: haya ni mambo ya kale, yanatufaa nini? Yanatufaa sana. Katika siku za ukoloni serikali iliwagawa watu wa pwani kwa asili zao. Aliyeitwa mwenyeji wa asili hakupewa haki zile zile alizopewa aliyeitwa Mwarabu, wala hakuandikiwa kodi ile ile. Kwa hiyo watu wa mtaa mmoja, wenye nyanya mmoja, walishindania jina moja la babu, na wengine wakawakana mama zao ili wapate nafuu ya kodi au kiti cha baraza. Ukoloni uliondoka mwaka wa 1963, lakini lile swali halikuondoka nalo. Hata leo, hasira ikipanda, utasikia mtu akimwambia mwenziwe arudi kwao. Kwao wapi? Katika chumba kipi cha vyumba 64?

Nakuachia kazi moja ya kufanya, nayo haihitaji chombo ila karatasi na subira. Chora mti wa jamaa yako. Andika jina lako, juu yake majina mawili, kisha manne, kisha manane. Waulize wazee wangali hai, na waulize kwanza juu ya wanawake, maana hao ndio wanaosahauliwa upesi. Wengi wenu hamtaijaza hata ngazi ya nne, na wachache sana watafika majina 16. Ukifika mahali pasipo jina, usiweke jina la kujipamba. Acha nafasi wazi, na ujue kwamba aliyekaa hapo alikuwapo, na kama asingalikuwapo wewe usingalisoma maneno haya.

Nambari ya al-Masudi ni kubwa kuliko punje zote za ghala zote, lakini imejengwa kwa jambo dogo kuliko yote, nalo ni kuongeza mara mbili. Watu wa Mombasa nao wamejengwa hivyo hivyo, wawili kwa wawili, kizazi baada ya kizazi, hata mstari wa baba mmoja usiweze kuwaeleza. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba kikishajaa, nani atazitenga punje aseme hii ilikuwa ya kwanza, na hii ni ya kigeni?